Pacha wa Maji Aliyepewa Jina

Wa kwanza kuonyeshwa walikuwa kambare, na Heriel Mgonja aliwapenda papo hapo kwa sababu walikuwa wabaya. Walikuwa na ndevu, vijicho vya kuvizia, na midomo ya mtu aliyeamshwa kabla hajashiba usingizi. Hakuna mtoto mwenye akili timamu, aliwaza, atakayelia kwa ajili ya kiumbe kama hiki.

"Tufungie mmoja wa hawa," alimwambia mhudumu. "Twende zetu."

Mhudumu, Bi Mwanahawa, hakusogea. Alikuwa mwanamke mnene wa makamo aliyevaa koti la bluu lililochakaa mikono kwa kushinda majini. Alimwonyesha kwa kidevu kule mwisho wa banda. Watoto wawili wa Heriel walikuwa wameshawapita kambare, wamewapita kasa, na sasa wamebandika pua kwenye kioo cha tangi la mwisho. Senkondo alikuwa na miaka sita. Mdogo wake Ezra alikuwa na minne, na barakoa yake ya vumbi ilikuwa imeteremka hadi shingoni kama kawaida yake.

"Baba! Huyu anatucheka!"

Ndani ya tangi alikuwamo mjusi-maji, mweupe anayekaribia waridi, mrefu kama kiganja, mwenye mapezi laini yaliyomzunguka shingo na mdomo uliopinda juu pande zote mbili.

"Hacheki," Bi Mwanahawa alisema. "Ndivyo alivyoumbwa. Hata akiwa anaumwa, sura ni hiyo hiyo. Ndiyo maana mimi huwashauri wazazi wamchukue kambare."

"Umesikia, Mama Senkondo?" Heriel alimgeukia mkewe.

Elinuru alikuwa amesikia. Lakini alikuwa akiwatazama watoto.

Bi Mwanahawa alishusha sauti. "Kazi yake mnaijua?"

"Tunaijua."

"Na watoto?"

Elinuru akatikisa kichwa.

"Basi," alisema yule mama. "Nisikilizeni kidogo, maana nikishawakabidhi mnyama hakuna tena wa kuwaeleza."

Aliwaeleza mambo ambayo katika mji wa Tambarare Mpya kila mtu aliyajua nusunusu, kama watu wanavyojua habari za mauti. Homa ya vumbi ilikuwa na dawa mbili, nyeupe na ya njano. Mtoto akipewa iliyo yake, hupona. Akipewa isiyo yake, figo husimama, na hakuna wa kuziamsha. Kipimo cha damu hakikuweza kusema ipi ni ipi, na jibu la msimu huu halikufaa msimu ujao, kwa sababu vumbi lilikuja na homa mpya kila mara na mwili wa mtoto nao haukukaa mahali pamoja. Wataalamu walihangaika hadi wakapata njia moja tu: kuchukua chembe hai za mtoto na kuzikuza ndani ya mnyama wa majini. Mtoto akiugua, mnyama hulishwa dawa nyeupe kwanza. Mnyama akiliona jua likizama, mtoto naye hupewa nyeupe. Akifa, mtoto hupewa njano. Ndugu wa tumbo moja waliweza kugawana mnyama mmoja, na mnyama huyo watu walimwita pacha wa maji.

"Sasa, chembe za mtoto zikikaa ndani ya mnyama bila kukumbushwa, mwili wa mnyama unazikataa," Bi Mwanahawa aliendelea. "Kila siku mtoto atumbukize mkono. Jasho lake, ngozi yake, viingie majini. Ukipita wiki bila mkono, huyo si pacha tena, huyo ni kitoweo."

"Mkono wangu je?" Heriel aliuliza.

"Wako hauna faida. Chembe ni za watoto."

"Kwa hiyo ni lazima wampende," Elinuru alisema.

"Ni lazima wamguse, mama. Ngozi ni ngozi, maji hayaulizi zaidi ya hapo. Kupenda hatujamwomba mtu." Bi Mwanahawa alifuta mikono kwenye koti. "Ila nimekuwa hapa tangu banda lifunguliwe, na bado sijaona mtoto anayegusa asipende."

Kule mwisho, Ezra alikuwa ameshapanda juu ya kibao na kuzamisha mkono hadi kwenye kiwiko. Mjusi-maji akaja polepole, akauzunguka ule mkono, kisha akaweka kidevu chake juu ya kiganja cha mtoto na kutulia. Ezra hakupiga kelele, yeye ambaye hupiga kelele hata akiona kijiko. Aligeuza uso kuwatazama wazazi wake, mdomo wazi, kama mtu aliyepewa kitu asichokitarajia.

Kambare wakawa wamekosa kazi siku hiyo.

Bi Mwanahawa aliwapitishia watoto pamba ndani ya mashavu, akawaambia warudi baada ya wiki tatu kumchukua mnyama wao. Mlangoni, walipokuwa wakivaa barakoa, alimshika Heriel mkono.

"Baba, neno moja. Msimpe jina."

*

Kulikuwa na jina moja katika nyumba ile ambalo halikuwa na mwenyewe.

Mama yake Heriel aliitwa Nakundwa. Alifia kule mlimani, mwaka ambao chemchemi ya mwisho ilikauka na watu wakaanza kuteremka tambarare na magodoro yao. Alimwomba mwanawe kitu kimoja tu, jina lake lisipotee. Halikuwa ombi la ajabu. Kwao Upareni jina la mzazi halizikwi. Hupewa mjukuu, na mjukuu huyo hubeba na heshima yake. Senkondo alikuwa na jina la babu yake, kwa hiyo Heriel alimwita "baba", tena bila mzaha, hata siku alizokuwa akimfuta kamasi. Bibi Nakundwa alipokuwa hai alimwita yule mtoto "mume wangu" na kumdai amjengee nyumba ya bati. Senkondo, akiwa na miaka miwili, aliahidi kumjengea mbili.

Msichana ndiye aliyekosekana. Alizaliwa Ezra, akapewa jina la upande wa mama yake, na uzazi ule ulimwacha Elinuru akiwa ametolewa kizazi. Jina la Nakundwa likabaki linaning'inia. Heriel hakulalamika, lakini hakuweza kunyamaza pia. Akila chakula kitamu angesema, "Mama angekipenda hiki, na hata wa kuitwa jina lake hatuna." Alisema hivyo mara nyingi kiasi kwamba yeye mwenyewe hakujisikia tena akisema. Watoto walisikia kila mara.

Basi mjusi-maji alipoletwa nyumbani na tangi lake likawekwa sebuleni chini ya dirisha, ikapita siku moja tu. Heriel alirudi kutoka shule anayofundisha, akapita chumba cha upepo cha kupunguzia vumbi, akavua barakoa, na kuwakuta wanawe wamesimama kando ya tangi, wamenyooka kama wanafunzi wanaotaka kuimba.

"Baba," Senkondo alisema, "tumekupatia bibi."

"Bibi gani?"

"Bibi Nakundwa. Tumempa yeye jina. Sasa usihuzunike tena."

Heriel alihisi damu ikimpanda kichwani. Alifungua kinywa kugomba, maana kumpa mjusi jina la mama yake mzazi ni tusi ambalo mtu mzima angeitishiwa kikao cha ukoo. Lakini aliwatazama. Walikuwa wakimsubiri afurahi. Ezra alikuwa amebana mikono katikati ya magoti kwa hamu. Hasira ikamwishia njiani, akaketi kitini, akalia mbele ya watoto wake kwa mara ya kwanza tangu azike.

"Anafurahi," Ezra alimnong'oneza kaka yake.

Elinuru alisimama kwenye mlango wa jikoni, mwiko mkononi. Baadaye, watoto walipokuwa wameingia kuoga, alimwambia, "Mwambie Senkondo abadili. Hata kesho bado mapema."

"Nitamwambia."

Hakumwambia. Kesho yake alimsimulia dada yake Naelijwa kwa simu kama kichekesho, na hilo ndilo lililokuwa kosa kubwa kuliko la watoto. Naelijwa alikuwa mmoja wa wakaidi wachache waliobaki mlimani wakinywa maji ya kuletewa. Alicheka hadi akakohoa, akakata simu, na Jumamosi akabisha hodi akiwa na kitenge kipya, kuku mzima na kibuyu cha maziwa ya mgando.

"Yuko wapi mama yangu?" aliuliza hata kabla hajavua barakoa. "Ee! Kumbe ameota mapezi! Na alivyokuwa anapenda kuoga yule mwanamke, mmempatia mahali pake kabisa."

"Wifi," Elinuru alisema kwa upole, "yule ni dawa."

"Dawa ndiyo, lakini ameitwa. Aliyeitwa haachwi hivi hivi." Naelijwa alichovya kidole gumba kwenye maziwa, akagusisha uso wa maji, akatamka majina ya ukoo moja baada ya jingine kama inavyotamkwa juu ya mtoto. Alianza akicheka. Alipofika kwenye jina la mama yao sauti ilikuwa imebadilika. Kitenge alikikunja akakiweka juu ya kifuniko cha tangi, na kikabaki hapo.

Tangu siku ile Heriel akipita asubuhi alisema, "Shikamoo, mama." Kwanza ulikuwa utani, watoto wakavunjika mbavu. Senkondo alimwita mnyama "mke wangu" na kumwahidi nyumba ya bati chini ya maji. Lakini utani ukirudiwa kila siku unazoeleka hadi unaacha kuwa utani. Watoto hawakukosa kutumbukiza mikono, ila kulisha walisahau, na Heriel akawa ndiye mlishaji. Akirudi shule aliketi kando ya tangi na vipande vya dagaa, akamwambia mnyama habari za wanafunzi wake, za mkuu wa shule, za mlimani. "Mama, njoo ule," angesema, na mjusi-maji angepanda kutoka kwenye mawe, kuja kuchukua dagaa vidoleni mwake, kisha angekaa pale ameegemeza kidevu kwenye kiganja chake muda mrefu baada ya chakula kwisha.

Elinuru aliyaona yote haya. Siku moja alisema, "Msimu wa vumbi umeanza, Baba Senkondo," kisha akaendelea kuchambua mchele.

*

Ezra aliamka akiwa na macho mekundu. Kufika saa nne asubuhi alikuwa anawaka, na ulimi umekuwa na ile rangi ya udongo ambayo wazazi wa Tambarare Mpya huitafuta midomoni mwa watoto wao kila asubuhi na kuomba wasiione.

Daktari wa zamu alitokea kwenye kioo cha ukutani, kijana aliyechoka, mwenye sauti ya mtu aliyesema maneno yale yale tangu alfajiri. Alimwangalia Ezra, akauliza maswali mawili.

"Ni homa. Dawa inakuja sasa hivi. Mlisheni pacha nyeupe mara ikifika, mkamwangalie mpaka jua lizame. Usiku mtoto lazima awe amepata yake. Tukivuka asubuhi hata ile sahihi haitamsaidia."

"Tunamlishaje?" Elinuru aliuliza.

"Ndani ya chakula anachokizoea, kwa mkono anaouzoea. Asishikwe kwa nguvu, asichomwe sindano. Akiogopa, hofu inavuruga mwili, na jibu mtakalopata litakuwa la uongo. Nani huwa anamlisha?"

Elinuru alimtazama mumewe. Heriel alikuwa akitazama sakafu.

"Daktari," alisema, "mpangaji mwenzetu ana pacha ambaye..."

"Pacha wa jirani atakupa habari za jirani, mzee." Kioo kikazimika.

Ndege ndogo ya zahanati ilidondosha kasha barazani. Ndani mlikuwa na vidonge viwili vya mnyama na chupa mbili za mtoto, zimefungwa kila rangi na rangi yake. Heriel alilibeba hadi mezani, akakipachika kidonge cheupe ndani ya dagaa mmoja, akafika nusu ya sebule, akarudi. Akakaa. Dagaa akabaki mezani.

Alimpigia dada yake.

"Jina linaweza kutolewa?" aliuliza bila hata kumsalimu.

Naelijwa alielewa mara moja. "Nani kati yao?"

"Ezra."

"Mungu wangu." Kisha akasema, "Jina halitoki, mdogo wangu. Ningekuwa najua namna ya kulitoa ningelitoa mimi, maana mimi ndiye niliyelitia maziwa. Lakini hebu kumbuka. Mama alikuwa anafanya nini tukiugua? Zile dawa za mizizi, chungu zile. Nani alikuwa anakunywa kwanza?"

"Yeye."

"Alikunywa yeye kwanza, akakaa kwenye kigoda akijisikiliza tumbo, ndipo anatupa sisi. Mimi na wewe tuko hai kwa sababu hiyo. Mpe mama kazi yake."

Heriel alikumbuka kile kigoda. Alikumbuka na uso wa mama yake, namna alivyokuwa akifumba jicho moja kwa uchungu wa dawa huku akiwachekea wao.

"Yeye alijua anachokunywa, dada," alisema. "Huyu hajui."

Simu ilikuwa bado sikioni Elinuru alipotoka chumbani akiwa na kitambaa kilicholowa. Hakupaza sauti. Heriel angependa apaze.

"Mwanangu anawaka," alisema. "Mimi simlaumu mnyama na wewe sikulaumu. Lakini jua halitusubiri. Ama umwite wewe, ama nimwite mimi, na mimi akinikimbia akaogopa, nitampa mtoto chupa kwa kubahatisha. Chagua."

Heriel alijipiga moyo konde, akachukua dagaa. Alikunja mkono wa shati. Maji yalikuwa na uvuguvugu ule ule wa kila siku.

"Mama," alisema. "Mama, njoo ule."

Alitamani asije. Kwa pumzi moja tu, na pumzi hiyo ataikumbuka mpaka anaingia kaburini, alitamani mnyama abaki kwenye mawe yake na lote liwe limemtoka mikononi, hata kama mtoto wake ndiye atakayelipia. Lakini mjusi-maji alikuwa ameshasikia sauti anayoijua. Akapanda, mapezi yakitikisika shingoni, na ule mdomo wake wa kucheka, akachukua dagaa mzima kwa mara moja kama mtu mwenye njaa. Kisha, kama kawaida, akaweka kidevu kwenye kiganja.

Heriel hakuutoa mkono.

Mwanzoni hapakuwa na kitu, akaanza kutumaini. Adhuhuri ilipita. Elinuru alikuja mara kwa mara mlangoni, akatazama, akarudi kwa mgonjwa. Kisha rangi ya waridi ikaanza kumtoka mnyama kuanzia mkiani, ikapanda polepole, na nyuma yake ikaja rangi ya majivu. Alijikunja, akajinyoosha. Alizunguka tangi mara moja kwa nguvu, akajigonga kwenye kioo, halafu akarudi kwenye ule mkono, kwa sababu ndipo mahali pekee alipopajua pa kurudi. Alikuwa akitafuta msaada kwa aliyemlisha sumu. Heriel aliona hivyo, wala hakujidanganya kuwa ni kitu kingine.

"Nisamehe," alisema. "Nisamehe, mama."

Mdomo ulikuwa unacheka vile vile.

Jua lilikuwa bado juu ya milima alipoacha kusogea. Heriel alipogeuka amwambie mkewe, alimwona Senkondo amesimama nyuma ya pazia la ukumbini, miguu peku, mikono imelegea. Hakujua mtoto alikuwa pale tangu lini. Dagaa waliobaki walikuwa bado mezani, na kando yao kasha lililofunguliwa lenye maelezo ya dawa, na Senkondo alikuwa amekwisha kujifunza kusoma.

"Ya njano!" Heriel alimwita Elinuru. "Mpe ya njano!"

*

Ezra aliishi. Asubuhi ulimi wake ulikuwa umerudi rangi yake, na kufika jioni alikuwa ameomba uji, ameukataa, ameomba tena. Elinuru alimshikilia kifuani kutwa nzima na hakuruhusu mtu ampokee.

Naelijwa aliteremka kwa gari la maji. Safari hii hakutania. Alikichukua kile kitenge juu ya kifuniko, akamviringishia marehemu, na wakamzika uani, kwenye kipande kidogo cha udongo kisichosakafiwa, wote wamevaa barakoa. Desturi ilitaka mume atupe udongo wa kwanza. Naelijwa alimtazama Senkondo, kisha akatazama pembeni, lakini mtoto alikuwa ameshaelewa. Aliinama, akachota, akatupa. Akajipangusa mikono kwenye suruali kwa muda mrefu.

Ezra aliambiwa kuwa bibi alizeeka. Aliuliza kama watu wa majini huzeeka haraka, na Heriel akasema ndiyo, haraka sana. Senkondo alisikia uongo huo hadi mwisho, akainuka, akaenda chumbani.

Msimu wa vumbi ulikuwa bado haujafika hata katikati.

Heriel alikwenda bandani peke yake, na kopo la pamba ya mashavu ya wanawe mfukoni. Bi Mwanahawa hakumuuliza kitu. Wiki tatu baadaye alimfungia kambare, mkubwa, mweusi, mwenye ndevu ndefu kuliko wote na jicho moja dogo kuliko jingine.

"Huyu hata mimi simpendi," alisema, na Heriel alijua kwamba yule mama alikuwa anajaribu kumfariji.

Nyumbani alimwaga maji mapya, akamteremsha kambare ndani, akawaita watoto. Ezra alikuja mbio, bado miguu myembamba kwa ugonjwa, akapanda kwenye stuli. "Eh! Ana sharubu!" Alikuwa ameshanyanyua mkono, vidole vinagusa maji, Senkondo alipomvuta kwa nyuma ya shati.

"Usimshike," Senkondo alisema. "Ukimshika anakuwa wako. Akiwa wako ndiyo wanamuua."

Ezra aliutazama mkono wake. Kisha akaurudisha polepole nyuma ya mgongo, na wa pili akauficha huko huko.

Heriel alipiga magoti. Alikuwa na maneno mengi ya kumwambia mwanawe, aliyapanga njiani kote akitoka bandani. Badala yake aliutumbukiza mkono wake mwenyewe ndani ya tangi. Mkono wa mtu mzima hauna faida, hilo alilijua, lakini aliuacha mle. Kambare alikaa kwenye kona yake bila kujali.

"Ukipita wiki bila mikono yenu, huyu hafai kitu," alisema mwishowe. "Na homa bado ipo. Inaweza kurudi kwa Ezra. Inaweza kuja kwako."

"Najua," Senkondo alisema.

"Basi?"

Mtoto aliwaza. Alikuwa na namna ya kukunja uso akiwaza, ya babu yake kabisa, ambayo siku nyingine ilimchekesha Heriel.

"Homa ikija, huyu naye utamwita aje ale?"

Elinuru alikuwa ameketi nyuma yao. Heriel alihisi macho yake mgongoni na hakugeuka. Angeweza kusema hapana, na mtoto angeamini mpaka siku ile. Angeweza kusema safari hii itakuwa nyeupe, kambare atabaki hai.

"Nitamwita," alisema. "Nipe mkono, baba."

Senkondo akampa. Heriel aliushika kwenye kifundo, akauongoza juu ya ukingo wa kioo, na hapo ndipo alipoona kwamba mtoto amekunja ngumi. Alijaribu kumfungua kwa kidole gumba, taratibu, kama mtu anayemnyang'anya mtoto kitu cha hatari. Vidole havikufunguka. Ngozi ni ngozi, Bi Mwanahawa alisema, maji hayaulizi zaidi. Heriel akauachia mkono, na ngumi ikazama hivyo hivyo ilivyo.

Ezra, ambaye humwiga kaka yake kwa kila kitu, akautoa mkono wake nyuma ya mgongo, akaukunja kwa bidii hadi kidole gumba kikafichika ndani, akautumbukiza kando ya ule wa Senkondo.

Kambare alikuja, akazipapasa zile ngumi mbili kwa ndevu zake. Hakukuta kitu, akarudi zake chini.